Maharage Mekundu Mawili

Kambi ya Juu,
Oldeani, Karatu.
18 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi Bernadina,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Hali yako ikoje huko Songea? Ule mguu uliokusumbua wakati wa Pasaka umepoa, au bado unautembeza hivyo hivyo ukisema ni uchovu tu? Sisi huku wazima wa mwili. Nimeandika "wa mwili" kwa makusudi, utaona mbele.

Baridi ya mwaka huu haina huruma. Ukungu unashuka asubuhi kutoka msituni na kukaa juu ya mibuni mpaka tunapotoka mapumziko ya chai shuleni. Baba bado anapogoa kahawa kwenye shamba kubwa. Kaka Simon yuko Karatu mjini, anaosha magari ya watalii, anakuja Jumapili moja moja na harufu ya sabuni. Mdogo wetu Clemensi ameota meno mapya ya mbele na anamwonyesha kila mtu. Mimi mtihani wa kidato cha nne ni Novemba.

Ningekupigia, lakini simu ni ya Baba, na mtandao unashika uani tu, juu ya lile jiwe, ambapo majirani wote wanasikiliza pamoja na wewe. Halafu unanijua, mdomo wangu mzito. Kwenye karatasi angalau hakuna anayeniangalia usoni.

Shangazi, Mama ni mjamzito. Najua hukuambiwa. Ni mwezi wa saba sasa.

Unakumbuka ulipokuja mwaka jana kumzika mdogo wangu Inosenti? Wewe na Baba mlisimama nyuma ya jiko, na mimi nilikuwa ndani nikiosha sufuria. Ulimwambia, "Tluway, mpumzishe mke wako na uzazi." Naye akakujibu, "Dada, robo yetu imeshakwenda kaburini. Waliobaki ni wazima." Mimi nilidhani ni uchungu tu unaongea.

Kumbe ndivyo alivyoelewa. Pale ilipogundulika Inosenti ana siko seli, wazazi waliambiwa kwamba wote wawili wanaibeba bila kuumwa, na kwamba kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Baba akaibeba robo hiyo nyumbani hivi: kwenye watoto wanne, mmoja. Sisi tulikuwa wanne. Mmoja aliumwa miaka yote ile, baridi ikimkamata miguu akilia mpaka sauti inakauka, kisha akafa njiani gari likiwa limenasa kwenye tope. Kwa hiyo kwa Baba, deni limeisha. Huyu anayekuja hana cha kuogopa.

Na mimi niliamini hivyo hivyo, mpaka Juni mwaka huu.

Siku moja Mwalimu Yasmini, wa baiolojia, alirusha sarafu mbele ya darasa. Mara tatu ikaangukia kichwa. Akauliza, ya nne je? Darasa zima likapiga kelele kwamba sasa ni zamu ya upande wa pili. Wilson, yule mtoto wa fundi cherehani, akasema, "Madam, hata sarafu inachoka!" Watu wakacheka. Mwalimu akangoja watulie, kisha akauliza kwa Kiswahili, ingawa somo lake hufundishwa kwa Kiingereza, "Kwani sarafu inaijua jana?"

Shangazi, niliweka kalamu chini. Nilijiuliza, mimba je, inamjua Inosenti?

Unajua sinyooshi mkono. Nilimfuata mwalimu baadaye, nikamwuliza huku nikiangalia viatu vyake. Hakunificha. Alisema mtoto wa tano ana robo ile ile aliyokuwa nayo wa kwanza, hakuna aliyelipiwa na mwenzake. Akasema damu ya mtoto mchanga ikipimwa mapema, kuna dawa za kumkinga, tofauti na Inosenti aliyegundulika amechelewa. Akaniambia niwaeleze nyumbani, tena kwa kitu wanachokishika mkononi.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, tulikuwa tunachambua maharage uani. Kwa Kiingereza ningejaza ukurasa mzima. Kwa Kiiraqw, kwa baba yangu mzazi, nilikosa hata neno la kuanzia. Basi nikachukua vikombe viwili vya chai. Kila kimoja nikatia harage jekundu moja na jeupe moja. Nikasema, hiki ni cha Baba, hiki ni cha Mama. Jekundu ndilo ugonjwa. Mtoto anapokea moja kutoka kila kikombe. Akipata jekundu moja haumwi, anakuwa kama nyinyi. Akipata mawili, anaumwa kama Inosenti. Nikataka kuendelea, kwamba maharage yanarudi kikombeni na kutikiswa upya kila mimba, lakini Baba alikuwa anacheka. "Lete, tuone masomo ya ada yangu." Akafumba macho, akatoa. Mama naye akafumba macho, akatoa.

Mekundu mawili.

Nilitaka kusema ni mchezo, hebu turudie, ndiyo maana yenyewe ya somo. Lakini Mama Bartolomeo, jirani yetu, alikuwa tayari amesimama mlangoni na ungo aliokuja kuurudisha.

"Brigita! Unampigia mama yako ramli, na tumbo lile?"

"Si ramli, ni hesabu," nikasema, nadhani hakuna aliyenisikia.

"Hesabu gani inaongea kabla mtoto hajazaliwa?"

Mama aliliweka harage lake chini taratibu, kama kitu kinachounguza, akaingia ndani.

Kufikia jioni kambi nzima ya wafanyakazi wa shamba ilikuwa na habari. Kisimani wasichana wananipisha. Mama hanisemeshi, ananitumia Clemensi: "Mwambie dada yako maji yamechemka," na mimi nimekaa hapo hapo, nayaona yanachemka. Maharage hayapikwi tena kwetu. Lililo baya zaidi, ameacha kliniki. Baba alipomwuliza, alijibu, "Nikapimwe nini? Binti yako ameshanipimia." Anasema atajifungulia nyumbani, na mtoto hatachomwa sindano ya kumtafutia ugonjwa aliokwisha kutabiriwa. Anaamini akipimwa ndipo itakapokuwa kweli.

Nikilala natafuta kosa langu. Somo lilikuwa sahihi, Shangazi, nimelirudia mara nyingi na ni sahihi. Lakini nililijaribu kwenye vikombe vya mama yangu badala ya kuchora kwenye karatasi, na sikuwa na mdomo wa kulimalizia.

Baba naye alikuwa ananikwepa. Nilidhani ananikasirikia. Alhamisi nilitoka shule nikapita nyuma, kwenye kibanda cha majembe. Kupitia mbao nikamwona amechuchumaa, vile vikombe viwili viko juu ya gunia. Anafumba macho, anatoa huku, anatoa kule, anafumbua, anaangalia. Anarudisha. Anatikisa. Anatoa tena. Sijui alikuwa ameanza saa ngapi. Yalipotoka meupe mawili hakufurahi, aliyashika tu kiganjani. Kisha akaniona.

"Brigita. Nikiyatoa meupe, yale mekundu yanakwenda wapi?"

"Yanabaki kikombeni, Baba."

"Ndivyo nilivyodhani," akasema, akayarudisha meupe ndani, akatikisa tena.

Kwa hiyo Baba ameelewa. Hana haja ya kuelezwa na mtu. Ila kumwambia Mama hawezi, maana itabidi kwanza amwambie kwamba maneno yake ya robo na kaburi hayakuwa kweli, na ni kwa maneno hayo Mama alikubali mimba hii.

Nakuomba uje, Shangazi. Uje mapema Oktoba, kabla hajajifungua. Usimletee hesabu, hesabu zimetosha hapa nyumbani. Mshike mkono tu mwende naye Karatu, mtoto azaliwe hospitali na apimwe. Wewe Mama hakukatalii, na Baba atafurahi akiamriwa. Nauli ya kurudi Simon ameahidi.

Wasalimie wote hapo kwako, hasa Bibi Brigita niliyerithi jina lake, mwambie bado sijawa mwongeaji. Simon na Clemensi wanakuamkia. Baba na Mama wangekusalimu pia kama wangejua naandika.

Mungu akulinde njiani, na amwangalie huyu ambaye hatujathubutu kumchagulia jina. Vile vikombe havijarudi jikoni. Mama anaona nafasi zake kabatini kila siku anapomimina chai, na haulizi.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukungoja,
Brigita