Mikwaruzo ya Namkunda

Same, Jumatano usiku

Hapakuwa na haja ya kupiga nyundo pale pale. Mwamba ule wa kijivu, wa tabaka tabaka, umejaa kote chini ya kijiji cha Myamba.

Lakini Bwana, Mwingereza ninayembebea mawe, anatafuta madini adimu, na jiwe lililochakazwa na jua na mvua anasema linamdanganya. Akaona palipokwanguliwa. "Hapa bado pabichi. Vunja hapa."

Pabichi kwa sababu wajawazito hukwangua pale udongo wa kula. Mikwaruzo ya chini ni ya mke wangu, Namkunda. Alikuwa akiinama na kisu, anacheka: "Mwanao ndiye anayetaka, si mimi." Mwaka jana tuliwazika wote wawili, kaburi moja.

Nikasema, "Bwana, tuchukue upande ule." Akauliza kwa nini.

Nikavunja.

Kesho mfuko wa mawe unapanda treni, jiwe likasagwe liwe unga wa kupimwa.

Kipande kimoja nilikificha. Kila Namkunda aliponibembeleza nionje, nilikuwa namcheka tu. Leo nimeonja. Kina ladha ya mvua, kama alivyosema.