Upepo Uliobaki Kwenye Kompresa

Kingsbury, London
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, na shikamoo. Goti linaendeleaje baada ya ile dawa ya kuchua? Baridi ya Ilula imekuachia walau ukae uani ukianika mboga? Sisi huku ni wazima. Neema amerefuka, sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba. Ukimsemesha kwenye simu anakuelewa kila neno, ila akitaka kujibu Kiingereza kinamtangulia. Usidhani ni dharau, Mama. Akikata simu huwa ananiuliza bibi alicheka nini.

Nimeona niandike kwa mkono kwa sababu kwenye simu ukinyamaza nami nanyamaza, tunaishia kuulizana mvua. Barua hii anakuletea Dada Rehema, tunasali naye, anasafiri Alhamisi. Amebeba na kiboksi. Usikifungue kwanza. Wifi Tumaini akusomee mpaka mwisho, taratibu.

Ndani ya kiboksi kuna lile lori dogo la mfano.

Uliponiuliza lori alilokuwa anakutengenezea mwanao Erasto limefikia wapi, nilikujibu limebaki kidogo. Lilikuwa limebaki upande mzima. Alikuwa amepaka upande wa dereva tu, ile bluu ya lori la marehemu baba, na mstari mweupe mlangoni. Ulisema unataka liwepo siku ya kujengea kaburi la Erasto, uliweke hapo japo kwa siku moja. Nikakuahidi. Kisha nikakaa nikiliangalia juu ya kabati kila nikitoka kazini.

Unajua alivyokuwa akifanya kazi ile. Alikuwa na kalamu ya kupulizia rangi, nyembamba kama ya kuandikia, inapewa upepo na kompresa ndogo kwa mpira. Kompresa ina kitungi chini, upepo unajikusanya humo. Ikiwaka inaunguruma nyumba nzima. Mimi niliipa jina, ng'ombe. Nilikuwa nikimwambia, "Baba Neema, ng'ombe wako atatufukuzisha, majirani watalalamika." Naye ananijibu, "Mwache akamuliwe kwanza, mama, maziwa yako njiani."

Jioni ile ya mwisho nilimwita mezani mara mbili. Mara ya pili sikumwita vizuri. Nilimwambia aache ng'ombe wake, ugali unakuwa jiwe. Kawaida yake akimaliza kazi alikuwa anautoa upepo wote kitungini ili kisishike kutu. Siku ile hakuutoa. Alifunga tu, akasema atamalizia kesho, akaja kula, akaenda zamu ya ghalani. Mengine unayajua, jinsi moyo ulivyosimama huko kazini.

Tangu msiba sikuigusa kompresa. Jana Jumamosi nikaitoa chini ya ngazi, nikapangusa vumbi. Sindano ya geji, ile saa ya kupimia upepo, ilikuwa imesimama juu, nikadhani geji imekufa. Nikaunga kalamu, nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikaitia kwenye kile kikapu cha magurudumu cha sokoni, nikaivuta mpaka duka la vifaa la Mzee Kanti. Huyu ni Mhindi wa Mwanza, mtu mzima sana, Kiswahili chake kinanipita mimi.

Aliponiona akasema, "Mama Neema, umeleta mgonjwa au umeleta maiti?"

Nikamwambia ndiyo nataka kujua.

Akaigeuza geuza. Akanionyesha kifundo cha juu, kile cha kuongeza na kupunguza upepo. "Huyu hana ugonjwa. Mwenyewe alimfunga hapa, kafunga barabara. Mtu mwangalifu. Lakini usipake rangi na upepo huu, umelala muda mrefu, una maji ndani. Utatema matone juu ya kazi yako. Nyumbani fungua nati hii ya chini, pole pole, toa vyote, ndipo ujaze upya."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Na usifungue juu ya zulia, utanilaumu."

Nikarudi. Nikaweka beseni jikoni, nikafungua ile nati. Sikuifungua pole pole. Upepo ukatoka kwa nguvu na maji ya kutu, Neema akaziba masikio huku anacheka. Ulinuka chuma na rangi kidogo. Ukapungua, ukawa kama mtu anayepuliza uji wa moto, ukaisha. Nikatazama geji, sindano imelala chini.

Hapo ndipo nikajua, Mama. Geji haikuwa imekufa. Ule upepo aliujaza yeye. Aliuacha kwa sababu nilimharakisha kula, ukakaa humo muda wote huo ukimsubiri arudi kumalizia upande wa pili. Na mimi nimeumwaga kwenye beseni.

Nilikaa chini pale sakafuni. Neema akaacha kucheka, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimeumia mkono. Nikamwambia hapana. Ningeweza kupaka nao, hata kwa matone yake. Ningepata walau mstari mmoja. Wewe ulimpata akiwa kwenye sanduku, ukamshika uso. Mimi nilikuwa nimebakiwa na upepo na sikujua.

Baadaye nikafunga nati, nikawasha. Ng'ombe akaunguruma, lakini sindano ikapanda kidogo ikagoma. Kawaida kitungi kikijaa inajizima yenyewe. Safari hii ikaendelea tu mpaka ikawa ya moto, nikaichomoa. Nikaongeza kifundo, nikapunguza, nikabadilisha mpira. Ikawa vilevile. Nikasema basi, nimeiua na yenyewe.

Kilichonisaidia ni hadithi yake moja. Alinisimulia kwamba lori likipata pancha, baba alikuwa anawaita watoto wote, tyubu inazamishwa kwenye karai la maji, na atakayeona povu kwanza anapewa andazi. Akasema wewe ndiye ulikuwa unakaanga hayo maandazi, na kwamba Tumaini alikuwa anapuliza maji kwa siri ili povu litokee upande wake. Wifi, usikatae, imeandikwa sasa.

Kompresa haizami kwenye karai. Nikakoroga maji ya sabuni ya vyombo, nikamwambia Neema apake kwa brashi kila palipoungwa, mimi niwashe. Akapaka juu, hakuna. Kwenye mpira, hakuna. Alipofika chini akaita, "Mama, hapa, hapa," kwa Kiswahili. Povu lilikuwa limejaa kwenye nati niliyoifungua mwenyewe. Kumbe kile kipete chake cha mpira kilirushwa na upepo nilipofungua kwa pupa. Tulikikuta ndani ya beseni, kwenye maji ya kutu. Tukakirudisha, nikaizungushia na tepu nyeupe ya mabomba, nikakaza. Sindano ikapanda mpaka juu, ng'ombe akanyamaza mwenyewe. Sikuwa na andazi, nikampa Neema mkate na jamu.

Nimepaka leo baada ya kanisa. Mara ya kwanza niliweka upepo mwingi, nikasogeza kalamu karibu mno, rangi ikachuruzika. Nikafuta, nikarudia. Ukiligeuza utaona. Upande wa dereva ni wake, umelainika kama yai. Upande wa utingo ni wangu, bluu imekolea na mstari umepinda kidogo. Usiruhusu mtu aurekebishe.

Sasa nakuomba jambo, ndiyo maana nimezunguka hivi. Siku ya kumzika, Tumaini alitupia udongo wangu badala yangu kwa sababu makaratasi yangu ya kuishi huku hayakuniruhusu kutoka, na mpaka leo hayajakamilika. Najua palikuwa na waliouliza mke gani huyu asiyemzika mumewe. Wewe hukuuliza. Ingekuwa nafuu kwangu kama ungeuliza.

Kabla mafundi hawajamwaga saruji, chota udongo wa pale kaburini, upakie kwenye bodi ya lori, pale baba alipokuwa akipakia vitunguu vya Ruaha kwenye lake. Lisukume mpaka alipo, uumwage kwa mkono wako. Umwambie ni wangu, nimechelewa. Lina magurudumu, linakwenda, ila gurudumu la nyuma kulia limelegea, lisukume taratibu. Kama utaona halifai, liweke tu hapo kama ulivyosema, sitakuuliza.

Msalimie sana Wifi Tumaini, na asante kwa mkono wake siku ile. Msalimie Baba Mdogo, na mwalimu wa kwaya aliyeimbisha. Neema anasema nikuandikie kwamba yeye ndiye aliyeona povu.

Kompresa nimeirudisha chini ya ngazi. Nimeijaza, nimefunga kifundo.

Ni mimi mkamwana wako,
Yusta, Mama Neema