Sweta ya Njano na Watoto wa Mawe

Jumamosi, jioni, Kyoto. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi kama ya kwetu Nyansiongo mwezi wa saba.

Naogopa. Niseme mapema nisije nikazunguka.

Niko huku Japani na Kwamboka wa Nyamache, mwenzangu wa kiwandani. Tumeletwa kujifunza wanavyokausha chai ya kijani. Leo mwenyeji wetu, Bi. Sato, alitutoa kwenda kuona mahekalu ya kale. Kwamboka alitaka kukataa kwa sababu ni Sabato. Mimi nilitaka kukataa kwa sababu asubuhi, msalani, niliona tone la damu.

Nina mimba, bado changa. Hakuna anayejua, hata mume wangu Momanyi. Ninyi mnaosoma hapa mtandaoni hamjui jina langu, ndiyo maana nimewaambia ninyi kwanza.

Ningebaki kitandani, lakini ningetoa sababu gani? Nikavaa viatu.

Kila ngazi niliikanyaga polepole, hadi Kwamboka akaniuliza kama nimezeeka. Yeye mwenyewe, kwenye lango kubwa jekundu, alikataa katakata kupita katikati, akisema hapiti lango la miungu. Akazunguka nje ya nguzo na kutumbukia matopeni hadi kifundoni. Mbele kidogo kulikuwa na birika la mawe la kunawia. Nilinawa, nikasimama nikingoja. Kwetu ukinawishwa mikono, chakula kiko njiani. Bi. Sato alitukuta tumesimama pale, mimi mikono ikichuruzika, Kwamboka mguu. Tulicheka wote, ila mimi nilicheka nikisikiliza tumbo.

Halafu tukapinda nyuma ya hekalu.

Zilikuwa sanamu za mawe, safu kwa safu, kila moja urefu wa mtoto anayeanza kukaa. Vichwa vya mviringo, nyuso za upole. Zote zilikuwa zimevishwa kofia nyekundu za kufuma, na bibu za kuzuia udenda shingoni. Bi. Sato alieleza kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba sanamu hizo ni za mlinzi wa watoto waliofariki, pamoja na wale ambao hawakufika kuzaliwa. Wazazi huzivisha nguo ili watoto hao wasipatwe na baridi.



Kwetu hatununui nguo ya mtoto kabla hajazaliwa. Mwaka juzi Momanyi, kwa furaha yake, alirudi kutoka soko la Keroka na sweta ya njano, ndogo hata ilienea kiganjani. Mwezi uliofuata mimba ikatoka. Mama mkwe alisema sweta ndiyo iliyoita mkosi, akataka ichomwe. Tangu hapo neno mtoto halitajwi nyumbani kwetu, na Momanyi akipita penye nguo ndogo sokoni anaangalia chini.

Pale kwenye sanamu palikuwa na mwanamke wa rika langu, na mkoba wa ofisini begani. Aliivua sanamu moja kofia iliyolowa, akaikausha kichwa kwa leso, akaivisha nyingine kavu, kama mtu anayemtayarisha mtoto kwenda shule. Akainama kidogo, akaenda zake.

Wangu hakupewa hata jina.

Kwamboka alinivuta. "Twende, hizi ni sanamu. Mbona unatetemeka?" Kisha akauona mkono wangu, uko tumboni. Alivua shali yake akanifunga nayo. "Basi twende polepole," akasema.

Nimerudi chumbani nikakuta damu tena. Ni kidogo, lakini si tone moja.

Nilikaa na simu mkononi. Kumpigia Momanyi kulinitisha kuliko damu yenyewe, kwa sababu akijua halafu tupoteze, atakuwa amepoteza mara mbili. Mwishowe nikapiga, na nikauliza swali la kijinga.

"Ile sweta ya njano, uliichoma?"

Nilisikia ng'ombe nyuma yake.

"Hapana. Iko chini ya sanduku. Nilimdanganya mama."

"Usiichome."

Hakuuliza kwa nini. Nilisikia ameketi juu ya kitu, ndoo nadhani, ikalia.

"Kuna damu?"

"Kidogo."

"Mwambie huyo mwenyeji wenu akupeleke hospitali. Sasa hivi, usingoje kesho."

Nimemwambia. Bi. Sato ameenda kuleta gari, na Kwamboka amepiga magoti, ananifunga kamba za viatu huku akiomba kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani. Naandika haya kwa kidole kimoja ili mkono wa pili ubaki tumboni. Simu ya Momanyi haijakatwa. Namsikia akipumua.

Bado naogopa. Ila sasa tunaogopa wawili, na sweta ipo.