Meneja Amevuka Busisi

Mkolani, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mwanao ni mzima, ila miguu inauma, na sababu utaisoma humu humu ndani. Goti lako linasemaje? Kaka Rwegasira ameniambia mvua zimewahi huko Muleba, na kwamba umerudi shambani kupalilia migomba wakati daktari alikwambia upumzike. Sitakugombeza, maana utaniuliza mimi nilipumzika lini. Nimeamua kuandika kwa sababu tulipoongea kwenye simu mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka wapangaji wenzangu wakadhani tunagombana, na wewe bado ulisikia nusu tu.

Uliniuliza swali, nami nimelikalia. Uliuliza nitarudi lini nyumbani moja kwa moja, kwa kuwa Deo hayupo tena na hapa mjini sina kinachonishika. Kaka amenitengea kile kipande cha ardhi juu ya kisima. Nimeshukuru sana. Lakini tangu tumzike mume wangu, Mama, sijui kutulia. Nilihama Igoma, nikahama Buhongwa, sasa niko Mkolani, na kila chumba nikishapanga vyombo naanza kuulizia kingine. Nikikaa kwenye cherehani nashona kidogo, nasimama, nachungulia barabarani kama vile kuna mtu tuliahidiana naye.

Chumba hiki nilikikuta na mbwa. Wapangaji waliotangulia walihama wakamwacha. Ni mdogo, ukimweka kwenye ungo anaenea, rangi yake kama mkate ulioungua, sikio moja limesimama na jingine limelala. Wenyewe walimwita Meneja kwa sababu kila asubuhi anapita mlango kwa mlango kukagua watu wameamkaje. Shida ni kwamba nyumba ya tatu kutoka hapa anakaa meneja wa kweli, wa duka la vifaa vya ujenzi, baba wa tai na viatu vinavyong'aa. Wiki yangu ya kwanza nilitoka nje nikiita kwa nguvu, “Meneja, toka jalalani, na hilo fupa uliache hapo hapo!” Yule baba alikuwa anapita kwenda kazini. Akasimama, akanitazama, akalitazama jalala. Mpaka leo ananisalimia akiwa mbali.

Mwenye nyumba wetu ni mama mmoja wa Kisukuma, Mama Kabula, mjane kama mimi na mkali kuliko mimi. Ana kuku. Meneja hawaumizi hao kuku; anawaswaga tu, mmoja mmoja, kutoka uani mpaka mlangoni kwangu, kisha anakaa pembeni akisubiri nimsifu. Mama Kabula akaniambia nichague: mbwa aondoke, au tuondoke wote wawili. Wala sikuumia, maana kichwani nilishaanza kufunga mizigo.

Basi, kulikuwa na bwana harusi mmoja wa Magu aliyeniletea kitambaa cha bluu nimshonee koti. Siku moja kabla ya harusi, koti limebaki mkono mmoja tu kuunganishwa, nikainuka kwenda kuchungulia barabara kama kawaida yangu. Nikasikia kishindo nyuma. Meneja alinipita katikati ya miguu, mkono wa koti mdomoni, masikio yote mawili yamesimama. Nilimkimbiza nikiwa na futi shingoni na kiatu kimoja. Alifika barabarani, akakuta pikapu ya dagaa imesimama dereva akinunua nyanya, akarukia juu ya magunia. Nilipofika, pikapu ilikuwa imeshaondoka kuelekea Geita. Muuza nyanya alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka kidogo, kisha nikaona hakuna cha kuchekesha.

Mkono mwingine niliukata kwenye kitambaa cha bluu kilichokoza zaidi. Bwana harusi alivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema amependeza. Nikamwacha na furaha yake.

Lakini kile chumba, Mama. Kilikuwa kimya namna ambayo sikuizoea tena. Mama Kabula alisema afadhali. Kesho yake akasema kuku wamezubaa. Baada ya siku chache yeye ndiye aliyekuja mlangoni kuniuliza, akijifanya anatafuta ndoo, kama nimesikia lolote. Dereva wa dagaa alipopita tena akaniambia mbwa alishuka mwenyewe Busisi, alipoegesha ili anywe chai.

Sasa nitakueleza jambo ambalo hakuna anayelijua hapa. Asubuhi niliyokwenda Busisi nilibeba begi lenye nguo. Nilijiambia, nisipompata napanda basi la Bukoba nakuja kwako, na vyombo vyangu Mama Kabula atavigawa. Hata nikimpata, nilikuwa sijui kama nitarudi.

Nilishuka ng'ambo ya daraja nikateremka mpaka kwenye kivuko cha zamani. Pametulia siku hizi, magari yote yanapita juu. Nikamkuta mama mmoja anakaanga sato chini ya turubai, na chini ya meza yake amelala Meneja, tumbo limejaa kama ngoma. Yule mama alikuwa ameshika karai la mafuta kwa kitambaa cha bluu. Nikatazama vizuri: ulikuwa mkono wa koti la bwana harusi. Alikuwa ameufua na kuukunja vizuri kabisa.

Meneja aliponiona alibweka mara moja, akanizunguka, akanilalia miguuni juu ya viatu. Mama wa samaki akaniambia kwamba wateja wamepungua tangu daraja lifunguliwe, ila huyu mbwa amekuwa akiwavuta wapita njia kwa vituko vyake. Alikuwa amempa jina alilolichagua mwenyewe, Bahati. Nikaona aibu kumchukua. Akaniwekea samaki, akalitazama begi langu muda mrefu.

“Ni wako, mchukue,” akasema. “Ila kama na wewe uko safarini, niachie. Huyu ameshaachwa mara moja.”

Nilipanda na Meneja mpaka barabarani, na haukupita muda basi la Bukoba likasimama. Konda akachukua begi langu akaliweka ndani. Nikakanyaga ngazi. Ndipo alipoona nimebeba nini, akasema mbwa hapandi. Nikamsihi. Akasema nimwache hapo, Busisi mbwa ni wengi, hatanung'unika. Abiria wakaanza kulalamika. Mama, mguu mmoja ulikuwa ndani ya basi, mwingine chini, na moja kwa moja mbele ilikuwa barabara ya kuja kwako. Nikaomba begi langu.

Magari ya Mwanza nayo yalimkataa, hivyo tukatembea. Daraja lile ni refu, na upepo wa ziwa pale juu unasukuma mtu. Mwanzoni Meneja alitangulia, akibwekea kila lori kana kwamba linamwogopa. Tulipofika katikati alichungulia maji, akakaa chini, akagoma. Nilimvuta, nilimbembeleza, nilimtukana. Mwisho nikafungua kitenge nikambeba mgongoni kama mtoto, begi kichwani. Mzee mmoja mwenye baiskeli alitupita, akapunguza mwendo, akageuka.

“Mama,” akasema kwa upole, “mtoto wako kafanana na baba yake.”

Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka nikashikilia ukuta wa daraja, kisha nikalia pale pale, kilio ambacho msibani hakikutoka, na Meneja ananilamba shingo. Nilipomaliza nikajifunga kitenge upya nikaendelea. Kigongo, mwisho wa daraja upande wa Mwanza, tukapata lori la matikiti.

Mama Kabula alipotuona aliendelea kulisha kuku wake. Jioni akaja na ugali kwenye sahani, akasema umebaki, na kwamba nisimzoeshe.

Jibu langu ni hili. Krismasi nakuja kukuona, lakini sirudi kukaa. Usihuzunike. Siku ile nilikuwa nakuja kwako kwa kukimbia, na sitaki nyumbani kwetu pawe mahali pa kujifichia. Kaka aipande kahawa ile ardhi, asiiache ikae bure.

Nisalimie shangazi Koku, anayekusukia mikeka, na wifi, mke wa kaka, kwa kukuangalia. Msalimie katekista wetu aliyemwombea Deo, na baba mdogo, ambaye najua atacheka kuliko wote mkimsomea hii.

Sikudanganyi kwamba nimetulia. Hata sasa naandika mstari, nasimama, naenda mlangoni. Ila nikisimama, kuna mwenzangu naye anasimama, anajinyoosha, anatangulia kutoka. Tunazunguka mpaka sokoni, tunarudi wote.

Akupendaye daima,
binti yako Kemilembe