Dakika Hamsini hadi Kigoma

Kigoma, 14 Novemba 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za Ipuli, na hilo goti limetulia? Huku sote wazima, mimi, Awadhi na mwanangu Nasri, ila tumbo hili sasa linanitangulia mlangoni.

Daktari kasema katikati ya Desemba. Mama, safari hii panda ndege. Kutoka Tabora mpaka hapa ni kilomita kama mia tatu na hamsini, dakika hamsini tu angani. Nasri alipozaliwa ulikuja na treni, mvua ikakata reli, ukafika siku ya tisa. Siku ya saba mama mkwe ndiye aliyemtoa nje, tena kwa kanga ya kuazima. Niliumia. Kwetu anayemtoa mtoto nje ni bibi mzaa mama, na kanga uliyonitolea mimi iko sandukuni kwako. Nakuomba.

Mwanao, Najiat

Ipuli, Tabora, 23 Novemba 2025

Mwanangu Najiat,

Marahaba. Goti limekubali dawa, namshukuru Mungu. Barua hii Shamila wa jirani ataipiga picha akutumie, maana herufi za simu zinanitoa machozi.

Dakika hamsini? Mimi kwa dakika hamsini maharage hayajaiva. Babu wa baba yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya watu kutoka hapa hadi Ujiji kwa miguu, mwezi na ushee, na akafika. Wewe unataka nirushwe kama karanga kwenye ungo. Nitakata tiketi ya treni mapema. Usinune.

Mama yako

Kigoma, 6 Desemba 2025

Mama, shikamoo.

Salamu fupi, nisamehe. Nimejifungua leo saa nne asubuhi, wa kike, kawahi kuliko tulivyodhani. Siku ya saba ni Ijumaa, na mvua haikatiki. Tiketi ya ndege ya Alhamisi nimeshaikata kwa jina lako. Mama mkwe amekataa kumtoa mtoto, anasema mwenye zamu yake yuko Tabora.

Najiat

Angani, 11 Desemba 2025

Mwanangu Najiat,

Salamu nyingi. Hali yako? Maziwa yanatoka? Mjukuu wangu analala? Nasri haoni wivu? Awadhi na mama mkwe wako hawajambo? Shamila anakusalimu, na Ipuli nzima.

Nilipika kuku mzima na chapati ishirini za kula njiani na majirani wa kiti, kama kwenye treni. Bwana wa kushoto, Revocatus, mkulima wa tumbaku wa Urambo, hajamaliza hata paja, tunaambiwa tufunge mikanda. Nikamuuliza binti wa ndege hiki ni kituo gani. Akacheka, akasema ni Kigoma.

Basi niseme upesi nililotaka kulisema polepole. Mwaka ule wa Nasri haikuwa mvua peke yake. Ndege ilikuwepo, na nauli ulinitumia. Niliogopa, nikasingizia treni, na miaka sita nimekaa na aibu hiyo. Nisamehe, mwanangu. Leo wakati wa kupaa nilifumba macho, nilipofumbua nikaona kumbe ni hivi tu.

Naliona ziwa. Barua hii haipigwi picha, nakuletea mwenyewe. Chapati zimebaki kumi na moja, msipike. Kanga nimejifunga kiunoni isije ikapotea na mizigo, na kesho mtoto namtoa mimi.

Mama yako