Kumtafutia Waziri Kwao

Jumatatu, 3 Machi

Magunia ya machimbo ya Osiri yamekwisha. Mshono mara mbili pembeni, mara tatu chini. Wachimba dhahabu hawasamehi gunia likipasuka na mawe ndani. Mbwa amelala juu ya kitambaa cha sare za shule. Nimemwacha. Kitambaa kijivu, mbwa kijivu. Nani atajua?

Yuko kwangu tangu mwezi jana. Nilimkuta kule Osiri nilipopeleka kazi. Shimo limefungwa, wenyewe wamehama, yeye yuko na mnyororo shingoni, maji hana. Aina ile ya mbwa wa polisi, shepadi, ila bado mtoto. Sikio moja limesimama, la pili limekataa. Nimemwita Waziri. Anakula, analala, na akisikia gari anatoka kuangalia kama ni lake.

Alhamisi, 6 Machi

Waziri amekula omena ya jirani yangu, Min Atieno, dagaa iliyoanikwa uani. Yote. Akalamba na neti. Nitamshonea mwenyewe gauni yaishe.

Odhis, msimamizi wa ploti tunayopanga, amesimama mlangoni kama mzee wa kanisa kabla ya mchango.

"Mama Fundi, mwisho wa mwezi. Ama mbwa atoke, ama mtoke nyote wawili."

Nikamwambia kwa vyovyote mbwa anatoka, hapo sioni chaguo. Hakucheka. Akasema kuna watu hapa hawatangoja mwisho wa mwezi, watatupa nyama yenye sumu. Mbwa wa ploti ya pili alikufa hivyo Krismasi, povu mdomoni, watoto wakiangalia.

Naogopa. Sijaogopa hivi tangu mume wangu alipolazwa.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimesikia kuna mtu wa Kosele, mwenye duka la simenti, anatafuta mbwa. Sikungoja hata chai. Nimempeleka leo leo.

Ua mkubwa, geti zuri. Mke wake akanipa soda, yeye akanipa kuku. Huku kwetu mbwa hachukuliwi bure. Ukimchukua bila kutoa kitu, mwili unakuja kwako, moyo unabaki alikotoka. Kuku ndiye anayekata kamba. Nikapokea, nikashukuru. Waziri akalia nyuma ya geti. Sikugeuka.

Kuku nimemla na Odhis. Yeye alisema ni mtamu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeenda Kosele kununua uzi. Hakuna uzi ulioko Kosele usioko hapa kwetu Migori.

Waziri yuko ndani ya kibanda cha mabati, mchana, mlango umefungwa. Ugali kwenye sufuria ni mwekundu kwa pilipili. Macho yake yanatoka machozi, pua inatiririka, mkia unagonga bati kwa sababu amenisikia.

"Nampika awe mkali," mwenye duka akasema. "Mbwa akiona watu mchana anawazoea. Pilipili ndiyo inaleta hasira."

Si mtu mbaya. Baba yake alifanya hivyo, na mume wangu marehemu pia aliamini hivyo. Wengine huwalisha mbwa nyigu. Nusu ya watu ninaowashonea suruali wanalinda nyumba zao na mbwa wenye vidonda vya tumbo.

Sikugombana. Nikashika shavu, nikamwambia nimekosa usingizi kwa sababu nilisahau kumwambia mbwa huyu ana kifafa. Huanguka. Tena mbele ya wateja. Nikamnunulia jogoo sokoni badala ya kuku niliyemla. Alimpokea upesi sana.

Waziri amenikojolea viatu kwa furaha. Kisha akalala njia nzima, kichwa juu ya mguu wangu. Odhis ametuona tukiingia. Ametikisa kichwa tu.

Jumanne, 18 Machi

Mzee Chacha kutoka Kehancha amekuja na koti lake. Kila mwaka nalibadilisha bitana. Koti lenyewe lilishakufa, tunazika bitana tu.

"Mama, huyu anachunga?"

"Anachunga omena."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaketi chini, kwenye vipande vya vitambaa, akanyoosha mkono na kuuacha hapo. Hakuita, hakupiga mluzi. Waziri akaja mwenyewe. Nikamuuliza mzee kuhusu pilipili. Akasema pilipili ni ya supu.

Ana ng'ombe na magoti mabovu. Anamtaka. Nilitafuta kasoro mpaka koti likaisha. Sikuipata.

Jumamosi, 22 Machi

Kehancha. Ng'ombe mmoja alipumua kwa nguvu, Waziri akajificha nyuma ya sketi yangu. Shepadi huyo, eti mchungaji. Mzee akasema atazoea, hata yeye alimwogopa mke wake mwanzoni.

"Mwanzoni?" mke wake, Mama Boke, akauliza.

Ndiye aliyeleta kuku, miguu imefungwa. Kwao pia ni hivyo. Nikakataa. Nikasema nina mizigo mingi. Nilikuwa na mkoba. Mama Boke akauangalia, akamfungua kuku miguu.

Siamini mambo ya kuku. Lakini nilimkataa, kwa hivyo labda naamini.

Jumatano, 26 Machi

Mzee amepiga simu. Waziri hali chakula. Kila asubuhi anatoroka, anakaa barabarani pale nilipopandia boda, anaangalia kila pikipiki. Jana moja ilimkosa kidogo tu.

Nikasema nakuja kesho.

"Usije, mama. Ukija mara moja, atakungoja maisha yake yote. Mke wangu anakutumia kuku. Mpokee."

Na nikimrudisha, nimrudishe wapi? Kwenye nyama ya sumu? Nilitaka apate kwao na bado abaki wangu. Hiyo ndiyo shida yote. Atagongwa kwa ajili yangu.

Kuku amefika jioni kwa boda, ndani ya kikapu, amekasirika. Nimempokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Nikasema kwa sauti kwamba mbwa ni wa Chacha. Kijana wa boda akanitazama.

Nikafunga mlango. Nikakanyaga cherehani bila kitambaa, muda mrefu, Min Atieno asinisikie nikilia.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua kidogo. Odhis amekuja, akachungulia chini ya meza. Nikamwambia amepata kwao. Akasimama hapo, hajui afanye nini na mikono yake. Akasema basi, Mungu ni mwema. Akaondoka.

Mchana mzee amepiga. Waziri anakula. Leo amefuata ng'ombe mpaka mtoni, akarudi nao, akalala zizini. Hakwenda barabarani.

"Hata hakuangalia upande ule, mama!" Sauti imejaa furaha.

Nikasema vizuri. Nikasema vizuri tena, lakini simu ilikuwa imeshakatika.