Gari la Baba Mkwe na Kigari Changu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Daktari kapiga simu. Kipimo cha moyo cha baba mkwe hakikumpendeza, anamtaka Singida Ijumaa bila kukosa. Mume wangu Philipo yuko Geita kikazi. Kwa hiyo ni mimi – na kigari changu cha umeme cha viti viwili, bega kwa bega. Baba mkwe na mkamwana wake! Miaka tisa hajawahi hata kunipa mkono.

Jumatano, 5 Machi

Kakataa. Kamwambia Mama mkwe, Mama kaja kuniambia jikoni: hawezi kubanana na mke wa mwanawe mpaka Singida, ni aibu. Basi nalo hataki. Atakwenda na lake.

Lake! Gari la mashindano la mwaka 1968, aliachiwa na tajiri aliyekuwa akimfanyia ufundi. Kiti kimoja tu, kingine waling'oa liwe jepesi. Mkanda hakuna. Breki unazibembeleza. Changu kikigongwa, mifuko ya hewa inafumuka. Lake likigongwa, ni usukani na kifua chake. Nimewaza hayo mpaka mboga ikaungua.

Alhamisi, 6 Machi

Amelijaribu. Kuku wote mbio kwa jirani. Halafu akakaa kigodani muda mrefu, mkono kifuani. Nikamwomba Mama amwambie nitamfuata. Jibu lake: "Afuate, ila asinikaribie." Nimechaji betri mpaka ikajaa. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tano. Benchi la hospitali, Singida. Naandika nisilie.

Tumetoka Issuna saa mbili. Yeye mbele na ngurumo zake, mimi nyuma kimya kimya. Akanikimbia, sikumwona tena. Kila kona nilitegemea kukuta vyuma.

Tulipopita Ikungi nikamkuta kaegesha pembeni, injini inanguruma. Nikasimama mbali, kama alivyoagiza. Dakika moja, mbili, tatu. Nisogee? Nisisogee? Mjinga mimi, nikabaki na heshima zangu. Halafu akashuka. Akaja akijishikilia kwenye bodi la gari lake, akafungua mlango wa kigari changu mwenyewe, akakaa. Bega lake kwenye bega langu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Angekuwa na nguvu zake, asingekaa pale.

Kigari hakina kelele, kila pumzi yake nimeisikia. Nimekanyaga hadi mwisho: themanini, basi. Lake lingefika zamani, lakini lina kiti kimoja.

Karibu na mjini akanishika mkono. Akasema polepole, "Mama Lucy, usimwambie mama yenu nilikokaa."

Wamemwingiza ndani, mimi wamenizuia mlangoni. Mama kapiga mara nne, sikupokea. Sasa katuma meseji. Hajauliza hali yake. Anauliza, mzee kafika na gari lipi?

Nikijibu "langu", atajua na hali yake. Nimeandika, nimefuta. Nimeandika tena